Maji Yakibadili Rangi, Nani Aulizwe?

Sisi watu wa kandokando ya ziwa tumezoea kusoma maji namna mtu anavyosoma uso wa mgeni aliyeingia kwake. Maji yakiwa bluu na kimya, tunasema ziwa limelala. Yakianza kuwa meusi upande wa kusini, mvuvi anageuza mtumbwi. Yakiwa ya udongo kwenye mlango wa mto, hata mtoto anajua kwamba mvua imenyesha milimani na mashamba yameshuka nayo. Elimu hii hatukuipata shuleni. Tuliipokea kwa wazazi na mababu, nao waliipata kwa kuangalia, miaka na miaka.

Lakini kuko siku ambapo maji yanabadili rangi bila mvua, bila mafuriko, bila sababu ambayo jicho linaweza kukamata. Pale kwenye mchanga watu wanapoogea, wamama wanapofulia na watoto wanapojifunza kuogelea, maji yanaamka ya kijani, ao ya kahawia, na povu juu yake. Siku hiyo neno la kwanza halikawii kutoka: « Hii maji haiko bure. Kuko mutu alifanya kitu. » Neno la pili linakuja nyuma yake mbio: « Njo nani? »

Katika kurasa hizi tunapenda kusimama kidogo kati ya maneno hayo 2. Swali letu ni hili: tukiona alama tusiyoielewa, tuna haki ya kufanya nini, na haki hiyo inaishia wapi? Wengine watatuambia kwamba hilo ni jambo la waalimu wa biolojia. Ni kweli biolojia itatusaidia, na tutaiuliza. Lakini swali lenyewe ni la maadili, kwa sababu kati ya « kuko kitu » na « njo nani » ndipo mtu anaweza kupoteza jina lake, nyumba yake, na mara nyingine uhai wake.

1. Mfano wa mbali

Tutaanzia mbali, na tunafanya hivyo kwa kusudi. Mtu anaamua vizuri zaidi kesi ya kijiji kingine, kwa kuwa hana shemeji ndani yake. Twende basi Afrika ya Kusini, katika mji wa Cape Town, kwenye pwani inayoitwa Muizenberg. Ni mchanga mrefu, wazi kwa upepo, na watu wanatoka mbali kuja kuoga na kuteleza juu ya mawimbi wakisimama kwenye ubao.

Siku fulani fulani, zaidi sana nyuma ya upepo mkali unaosukuma bahari kuelekea nchi kavu, maji ya pale yanakuwa ya kahawia. Madoa marefu, mazito, yanaonekana pale mawimbi yanapovunjika, na povu la rangi hiyo hiyo linabaki juu ya mchanga. Mgeni akiona vile anashika pua. Mmoja anasema mabomba ya vyoo yamepasuka. Mwingine anasema meli imemwaga mafuta. Wazazi wanaita watoto watoke. Na mara kwa mara ofisi za mji zimelazimika kutoa tangazo: hayo si maji ya vyoo wala si mafuta, ni vijani vidogo vya bahari, na havimdhuru anayeoga.

Tukumbuke pia kwamba mchanga ule una historia yake na rangi. Mbele ya mwaka 1989, wakati serikali ya ubaguzi ilipofungua pwani kwa watu wote, Muizenberg ilikuwa ya watu weupe peke yao. Mtu aliyeingia majini na ngozi isiyotakiwa alifukuzwa, bila kuulizwa alichokuwa nacho moyoni. Hatutaki kulinganisha watu na maji. Tunasema tu kwamba jicho la binadamu ni mwamuzi mwenye haraka: linaona rangi, na mara moja linaandika hukumu. Nasi wa Kivu tusicheke wale wa mbali. Tunajua vizuri watu waliokwisha kuhukumiwa huku kwa umbo la pua na urefu wa mwili.

2. Ndani ya tone moja

Sasa tuangalie kitu chenyewe. Wataalamu wamekipa jina la Anaulus australis. Ni mmoja wa wale viumbe tunaowaita diatomu katika somo la biolojia: mwili wake ni seli moja tu, umefungwa katika kijisanduku cha silika, yaani kitu cha jamaa moja na kioo. Mmoja peke yake haonekani kwa jicho. Wakikutana mamilioni na mamilioni, bahari inabadili sura. Rangi yao ya kahawia-dhahabu ndiyo inawasaidia kukamata mwangaza wa jua na kujitengenezea chakula, kama vile majani ya muhogo yanavyofanya kwa rangi yake ya kijani.

Katika miaka ya 1980 na 1990 wachunguzi wa chuo kikuu cha Port Elizabeth walifuata maisha ya diatomu hizi kwenye pwani nyingine ndefu ya nchi hiyo, karibu na mlango wa mto Sundays. Mambo waliyoyaona yanashangaza. Asubuhi seli zinatoa ute, zinajishika kwenye mapovu ya hewa ambayo mawimbi yanatengeneza, na mapovu yanazipandisha juu kwenye jua. Saa za jioni zinapoteza ute ule, zinashuka tena kwenye mchanga. Kesho yake zinaanza upya. Chakula chao, hasa azoti, kinatoka kwa sehemu kubwa katika maji ya chini ya ardhi, yanayochuja polepole kupita ndani ya milima ya mchanga na kutokea baharini.

Kwa hiyo kile tulichoita uchafu kinafuata saa zake kila siku kama mfanyakazi mwaminifu. Na tena kinalisha. Kombe za mchangani zinachuja maji yale na kushiba, vidudu vidogo vya maji vinakula, samaki nao wanakula vidudu. Pwani ile ni mchanga mtupu, hakuna mti, hakuna jani. Bila yale madoa ya kahawia, wakaaji wake wengi wangelala na njaa.

Basi yule aliyeshika pua alikuwa amesimama mbele ya chakula cha nyumba nzima, akakiita kinyesi.

3. Mdomo uliopoteza imani

Mtu anaweza kusema sasa: kesi imekwisha. Wenye elimu wamesema hakuna hatari, wengine wanyamaze. Sisi hatukubali kumaliza mambo upesi namna hiyo.

Fikiria mkaaji wa Cape Town. Anasikia tangazo kwamba kahawia ya leo haina shida. Lakini mwaka 2021, katika mji huo huo, ziwa dogo la Zandvlei, lililo karibu kabisa na Muizenberg, lilifungwa kwa watu kwa sababu maji ya vyoo kweli yalikuwa yameingia. Mtu huyo akijibu tangazo kwa kutikisa kichwa, tumwite mjinga? Hapana. Hana mikroskopi nyumbani. Anachoweza kupima ni mdomo unaosema naye, na mdomo ule una historia yake.

Kwetu jambo hili halihitaji maelezo mengi. Mara ngapi tumeambiwa « musiogope, hakuna kitu », na kitu kilikuwako? Ukweli unahitaji mtu wa kuubeba, na yule anayeubeba akiisha kuzoea kudanganya, hata siku anapobeba ukweli hatapokelewa. Hilo ni deni la wakubwa. Mwenye madaraka anayeficha hatari ya leo, anaua mapema tangazo lake la kesho.

Kuko sababu ya pili ya kutokwenda haraka. Si kila rangi ni njema. Kuko alge nyingine, zile za kijani-bluu, ambazo zinaweza kutengeneza sumu kali. Katika mji wa Caruaru, nchini Brazil, mwaka 1996, wagonjwa zaidi ya 50 waliokuwa wakisafishwa damu kwa mashine walikufa kwa sababu maji ya mashine yalikuwa na sumu hiyo. Na hata alge isiyo na sumu inaweza kuleta msiba kwa kufa kwake: ikifa kwa wingi inaoza, na kuoza kunamaliza oksijeni ya maji. Hivyo ndivyo ilivyokuwa Elands Bay, kaskazini ya Cape Town, mwaka 1997. Nyuma ya bahari kugeuka nyekundu, kamba wakubwa wa bahari walitoka wenyewe kwenye mchanga wakikimbia kukosa pumzi, tani karibu 2 000, wakafia pale.

Kwa jicho peke yake, ni nani atatofautisha ile inayolisha na ile inayoua? Hata mwalimu hawezi. Kwa hiyo mzee anayesema « leo watoto wasiingie majini » hakosi. Anasema jambo la akili. Asiyejua, na asiyeweza kujua upesi, ana haki ya kungoja.

4. Maji maangavu nayo yana kesi yake

Turudi sasa kwetu, maana tumekwisha kupata kipimo cha kupimia.

Ziwa Tanganyika lina urefu wa kilometa karibu 670, na kilindi chake kinafika metre 1 470. Chini ya metre 200 hivi maji yake hayana oksijeni, lakini yamejaa chumvi chumvi ambazo ni mboleo ya maji. Wakati wa kiangazi upepo wa kusini unasukuma maji ya juu, ziwa linapiga mbizi na kuinuka kama maji katika beseni lililotikiswa, na mboleo ile inapanda. Alge zinapata chakula, zinazaa, na maji yanaweza kupata rangi. Jambo hili si la jana. Mwaka 1956 mtaalamu Mbelgiji J.-J. Symoens aliandika juu ya alge za kijani-bluu zilizotanda upande wa kaskazini wa ziwa. Katika lugha ya Kifaransa jambo hilo linaitwa « maua ya maji ». Tazama basi: kitu kimoja, huyu anakiita ua, yule anakiita uchawi.

Na maua hayo, tuseme alge zote kwa jumla, ndiyo mwanzo wa sahani yetu. Vidudu vya maji vinakula alge, ndakala anakula vidudu, mukeke anakula ndakala, nasi tunakula wote 2 na bugali. Mwaka 2003 wachunguzi walitangaza kwamba ziwa limepata joto zaidi, maji ya juu na ya chini hayachanganyiki vizuri kama zamani, na kwamba utoaji wa alge ulikuwa umepunguka labda kwa asilimia 20. Maana yake, ziwa linaweza kuwa angavu zaidi kwa sababu lina njaa. Uangavu ule tunaousifu unaweza kuwa sufuria tupu.

Tena kuko jambo la uchungu zaidi. Tangu mwisho wa miaka ya 1970 kipindupindu kimefanya makao kandokando ya maziwa yetu, Kalemie, Uvira, Fizi, Goma. Mikrobe yake haina rangi. Mwezi wa 7 mwaka 1994, wakimbizi walipojaa Goma na kuteka maji ya Kivu, watu karibu 50 000 walikufa katika mwezi wa kwanza, walio wengi kwa kuhara. Ziwa halikugeuka jekundu kuwaonya. Na pale pale Goma, kuelekea Sake, kuko mashimo na mabonde ambamo hewa nzito ya gazi karboniki inajikusanya. Tunaiita mazuku. Haina rangi, haina harufu, na inaua mtoto na mbuzi waliokuja tu kupumzika.

Katika darasa moja la sekondari tuliwahi kuweka glasi 2 juu ya meza. Ya kwanza ilikuwa na maji maangavu, tuliyoyateka karibu na mfereji unaopita nyuma ya vyoo vya kartye. Ya pili ilikuwa na maji ya kahawia. Tuliuliza: utakunywa gani? Wanafunzi wote walichagua ya kwanza, bila hata mmoja kuuliza maji yalitoka wapi. Ya pili ilikuwa chai. Walicheka sana, lakini mmoja akasema neno ambalo tunalikumbuka: « Mwalimu, macho yetu ilikuwa inajibu mbele hatujauliza. »

5. Kuogopa na kushitaki

Hapa tumefika kwenye mtima wa jambo. Mtu anapoona maji yamebadilika, mara nyingi anafanya matendo 2 kwa pamoja, naye anadhani ni tendo moja. La kwanza: anajitenga na maji. La pili: anatafuta mkosaji. Wasomi wetu wanayacheka yote 2 na kuyaita ujinga. Wakaaji wengine wanayatetea yote 2 na kuyaita mila. Sisi tunasema yatenganishwe.

Kujitenga na maji kunamgharimu nani? Watoto watakosa kuoga siku 3 ao 4. Wamama watatembea mbali kidogo kutafuta maji mengine. Ni taabu, lakini ni taabu inayobebwa na yule anayeogopa mwenyewe. Ikiwa mwishoe tunasikia kwamba ilikuwa diatomu tu, hakuna mtu aliyevunjika mguu. Kosa likitokea, linarekebishwa.

Kushitaki ni namna nyingine. Mzigo wa hofu yangu ninauondoa kichwani pangu, ninauweka juu ya kichwa cha mwingine. Na huyo mwingine tunamfahamu mbele hata ya kumtafuta. Ni yule bibi mjane anayekaa peke yake mwisho wa kijiji. Ni mgeni aliyehamia mwaka jana. Ni yule mwenye macho mekundu kwa moshi wa miaka 50 ya kupika. Ni jirani ambaye biashara yake inaenda vizuri. Hatujasikia hata mara moja kwamba maji yamegeuka kijani na watu wakamshitaki mwenye nguvu! Hilo peke yake lingetosha kutuonyesha kwamba hatutafuti sababu, tunatafuta mtu ambaye hana wa kumtetea.

Katika Kivu ya Kusini tunajua neno karuho. Tunajua namna neno hilo likiisha kutajwa juu ya mtu, hata mke wake anaanza kuangalia sahani. Na mwaka 2021 habari za wamama wazee waliouawa katika jimbo letu kwa kushitakiwa uchawi zilienea mpaka ng'ambo. Sababu zilizotolewa hazikuwa maji peke yake: ilikuwa ugonjwa, kifo cha mtoto, ndoto. Lakini njia ya mawazo ni ile ile moja. Kuko alama, alama haieleweki, basi kuko mutu.

Watu wanatuletea methali: « Lisemwalo lipo, kama halipo laja. » Methali ni chombo, na chombo kinaweza kushikwa vibaya. Ni kweli kwamba neno linalozunguka kijijini linastahili kuangaliwa. Lakini kuangaliwa si kuaminiwa. Methali hii ikishikwa vibaya, kila uongo unapata baba. Tunayo nyingine inayoweza kuketi karibu yake: « Dalili ya mvua ni mawingu. » Ni kweli. Lakini mkulima gani hajaona mawingu yakipita bila kuacha hata tone? Dalili inatuita tujitayarishe. Haitupi ruhusa ya kumpiga jirani kwa sababu mvua haijanyesha.

Kuko watakaosema: lakini mara nyingine mkosaji yuko! Kuko watu wanaotia sumu majini ili wapate samaki. Kuko viwanda na machimbo vinavyomwaga taka mtoni. Ni kweli, wako, na hatusemi maji hayana wakosaji. Tunasema kwamba aliyemwaga taka ataonekana kwa taka yake: pipa, bomba, samaki waliokufa, shahidi aliyeona. Yule anayetajwa kwa sababu ya uso wake, hakuna kitu kilichomwonyesha isipokuwa uso. Na kumshika asiye na kosa kunampa raha mwenye kosa, maana kijiji kikiisha kufukuza bibi kinarudi kulala, na bomba linaendelea kumwaga.

6. Katika mila, tushike nini?

Kijitabu hiki ni cha mila, na hatutaki kuandika kama watu wanaoona aibu juu ya wazazi wao. Wazazi wetu walikuwa na barza. Mbele ya wazee, mwenye kushitaki alisema na mwenye kushitakiwa alisema. Shahidi aliitwa. Mambo yaliweza kuchukua siku nyingi, na uvivu huo, ambao vijana wa leo wanauona kama upotevu wa wakati, ulikuwa dawa yenyewe. Hasira haiwezi kukaa siku 5 juu ya kiti kimoja bila kuchoka.

Lakini tuseme ukweli wote. Katika pahali pengi mila ilikuwa pia na kiapo cha kunywesha sumu: mshitakiwa anakunywa, akitapika hana kosa, akifa amejihukumu. Hilo nalo ni la wazee wetu, na halifai kuitwa hekima kwa sababu tu ni la zamani. Mtu alihukumiwa na tumbo lake, kama vile leo anahukumiwa na rangi ya maji. Mila ni kama wavu uliorithiwa: mwenye akili anaangalia tundu kwa tundu, anashona zilizopasuka, na kamba iliyooza anaikata.

Tunachoshika basi ni barza, uvumilivu wake na heshima yake kwa neno la mshitakiwa. Tunachokata ni ile haraka ya kugeuza kitu kisichoeleweka kuwa mtu.

7. Tunapendekeza nini?

Mawazo bila kazi ni kama mtumbwi bila kasia. Tunapendekeza mambo machache, ambayo kila kijiji cha kando ya maji kinaweza kufanya.

Kwanza, siku maji yakibadilika, watoto na mifugo wakae mbali, na maji yale yasinywewe. Watu wajue pia kwamba kuchemsha kunaua mikrobe ya kipindupindu, lakini hakuondoi sumu ya alge za kijani-bluu. Kwa maji yenye rangi, tafuta maji mengine.

Pili, tuulize maji yenyewe. Mtu mzima, akiwa amefunika mikono kwa mifuko ya plastiki, ateke maji katika chupa nyeupe yenye kifuniko, aiache kimya usiku kucha. Kijani kikikusanyika juu kama rangi ya nyumba iliyomwagika, yawezekana ni zile za kijani-bluu, na hofu iongezwe. Rangi ikishuka chini kama tope, yawezekana ni aina nyingine, ao ni udongo tu. Chupa haitoi hukumu ya mwisho, na haiambii mtu « ingia uoge ». Lakini inafundisha jambo kubwa: kwamba maji yanaweza kuulizwa. Uvira kuko kituo cha utafiti wa maji na samaki. Wanafunzi wanaotoka kwenye vyuo vyetu wanajua kutumia mikroskopi. Tuwapelekee chupa zetu mbele ya kupeleka majina kwa mganga.

Tatu, na hili tunaliona kuwa la lazima kuliko yote: barza za vijiji vyetu zikubaliane kwamba wakati maji yamebadili rangi, hakuna jina la mtu litakalotajwa hadharani mpaka maji yarudi ginsi yalivyokuwa. Mwenye ushahidi wa bomba ao wa pipa aulete kwa wazee, atasikilizwa. Mwenye ndoto akae nayo nyumbani.

Kwa nini tungoje maji yarudi? Kwa sababu yatarudi. Upepo utageuka, chakula cha alge kitaisha, na pwani itakuwa tena kama jana, bila mtu yeyote kutoa mbuzi wala kufukuzwa. Maji yanajisafisha yenyewe. Jina la mtu halijisafishi. Bibi aliyeitwa mchawi siku ya Jumatatu bado ataitwa mchawi siku ziwa litakapokuwa bluu, na wajukuu wake wataitwa wajukuu wa mchawi kwenye lango la shule. Tumeona vijiji vilivyokusanyika kumshitaki mtu. Kijiji kilichokusanyika, maji yakiisha kutakata, kwenda kwake kumwambia « mama, tulikukosea », hicho bado tunakitafuta.

Ndugu msomaji, kiangazi kingine kitakuja na upepo wake, na pwani yako inaweza kuamka na rangi usiyoijua. Waulize wazee wa kwako tangu leo, wakati maji bado ni maangavu na mioyo imetulia: siku hiyo ikifika, nani ataulizwa kwanza?